Goma: Kabla ya kubandika karo ndani ya dushi, pavema inyooshwe kwanza

Mjini Goma, mwenye nyumba anayetaka kuweka karo anahesabu bei ya karo, kole na malipo ya fundi. Pavema ya chini mara nyingi haiingii katika hesabu hiyo. Lakini ndani ya dushi, ndiyo inayoamua kama karo zitadumu.

Sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya mawe ya volkeno, yakiwemo yale ambayo Nyiragongo ilimwaga Januari 2002. Nyumba ikiwa upande mmoja imekalia jiwe na upande mwingine kifusi, kifusi kinashuka polepole na pavema inafuata.

Kupima si kazi kubwa. Fundi analaza regli ya mita 2 sehemu mbalimbali na kutazama mwanga unaopita chini yake. Nafasi ikizidi milimita 3 hivi, kuna kazi ya kufanya. Anagonga pia kwa nyundo: panapolia kama debe tupu, simenti imeachana na chini, ivunjwe.

Wengine wanaziba bonde kwa kuongeza kole chini ya karo. Hapo ndipo pesa inapotea. Kole nene inanywea ikikauka, inaacha uwazi, na karo inapasuka siku mtu akiikanyaga vibaya. Maji ya sabuni yanaingia humo na kutokea kwenye ukuta wa chumba cha jirani.

Njia nzuri ni kuchonga vilima, kukwaruza pavema, kuiosha na kuilowanisha. Kisha inapakwa uji wa simenti, na kabla haujakauka unamwagwa mchanganyiko wa ndoo 1 ya simenti kwa 3 za mchanga safi.

Lakini kunyoosha dushi si kuifanya iwe sawa kama meza. Sakafu ishuke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Ndiyo sababu ule unga wa kusawazisha unaojitandaza wenyewe, mzuri kwa salo, haufai hapa: unafuta mteremko.

Simenti mpya inyweshewe maji siku za kwanza, halafu iachwe ikauke wiki 3 au 4. Wenye haraka hawapendi kusikia hilo. Kabla karo hazijaanza kubandikwa, mwombe fundi amwage ndoo moja ya maji mbele yako. Panapobaki dimbwi, arudie hapo.