Gemu Iliyonunuliwa Kamakis ni Mali ya Nani?

Wasomaji wetu wa Pwani huijua Kamakis kwa sifa ya nyama choma. Ni pale Ruiru, Barabara Kuu ya Thika inapokutana na Eastern Bypass, na moshi wa majiko humlaki msafiri kabla hajashuka garini. Lakini nyuma ya majiko hayo pamejengwa magorofa mengi ya kupanga, na humo wamo ndugu zetu waliotoka Mombasa, Malindi na Lamu kufuata kazi na masomo. Vijana wao hawana bahari ya kuogelea jioni wala baraza ya kukaa. Wana simu, wana kompyuta, na waliojaliwa wana PlayStation sebuleni. Wasiojaliwa huenda katika vibanda vya PS wakalipia mechi moja moja.

Lalamiko tulisikialo kwa kina mama wa huko ni la pesa. Tulisikialo kwa vijana ni la pesa vilevile, ila wao hulieleza kwa ghadhabu zaidi. Tumeona tulifuatilie jambo hili kwa utuvu, kwa kuwa wazazi wengi hulipia kitu ambacho hawajaelezwa ni nini.

Tuanze na bei. Gemu kubwa mpya, zilizokuwa zikiuzwa dola 60 kwa miaka mingi, zilipanda hadi dola 70 kuanzia mwaka 2020, na mwaka 2025 kampuni ya Nintendo iliuza Mario Kart World kwa dola 80 nchini Marekani. Katika Steam, duka kubwa kuliko yote ya gemu za kompyuta, mnunuzi wa Kenya huonyeshwa bei kwa dola. Shilingi yetu haimo. Maana yake ni kwamba bei hupanda na kushuka hata kama muuzaji hajaigusa. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160, na gemu ya dola 70 ikawa takriban shilingi 11,200. Shilingi ilipojikaza na kutulia karibu na 129, gemu ile ile ikawa takriban shilingi 9,000. Kuna nyumba Ruiru ambazo hiyo ni kodi ya chumba cha mwezi mzima.

Vijana huuliza kwa nini mwenzao wa nchi nyingine alipe kidogo kwa gemu hiyo hiyo. Jawabu ni kwamba Steam humwachia mchapishaji wa gemu aamue bei ya kila eneo. Kwa miaka mingi Uturuki na Argentina zilikuwa na bei nafuu kwa sarafu zao wenyewe, hata watu wa nchi nyingine wakawa wanajifanya wakaazi wa huko ili wanunue. Novemba 2023 sarafu hizo ziliondolewa dukani na nchi hizo zikahamishiwa kwenye dola, kwa sababu thamani yake ilikuwa ikiyumba mno. Aliyepunjwa hapo ni mnunuzi wa kweli wa Istanbul, ambaye hakumdanganya mtu.

Steam, inayomilikiwa na kampuni ya Valve ya Marekani, ilifunguliwa mwaka 2003 na ilitawala soko bila mshindani wa maana. Hukata asilimia 30 ya mauzo, na hupunguza kwa gemu zilizouza sana. Desemba 2018 kampuni ya Epic Games, wenye Fortnite, ilifungua duka lake na kukata asilimia 12 tu. Mtu angetarajia kwamba duka likipunguza ushuru wake, bidhaa nayo itashuka bei. Aghalabu haikuwa hivyo. Tofauti iliingia mfukoni mwa mchapishaji. Epic ililipa pia ili baadhi ya gemu ziuzwe kwake peke yake kwa muda. Gemu ya Metro Exodus ilitangazwa Steam, watu wakaanza kuiagiza, kisha Januari 2019, wiki chache kabla ya kutoka, mauzo yakahamishiwa Epic kwa mwaka mmoja. Waliokwisha kuagiza walipewa gemu yao, lakini hasira ya wachezaji ilikuwa kubwa.

Kwa mama wa nyumbani, ugomvi huu wa matajiri huishia katika jambo dogo na la kuchosha: mtoto mmoja huwa na akaunti tatu au nne, kila moja na nywila yake, na namba ya kadi ile ile ya mama imehifadhiwa kote. Tukiri upande wa pili pia: Epic hutoa gemu za bure kila wiki, na kijana mwenye subira huweza kujaza kabati lake bila kutoa senti.

Kisa kilichowagusa Wakenya moja kwa moja ni cha Helldivers 2. Gemu hii ilitengenezwa na Arrowhead ya Sweden, ikatolewa na Sony Februari 2024 kwa dola 40, zaidi ya shilingi 5,000. Ilipendwa sana. Mapema Mei mwaka huo Sony ilitangaza kwamba wanaocheza kwa kompyuta watalazimika kuunganisha akaunti zao na mtandao wa PlayStation. Shida ni kwamba mtandao huo haukuruhusu kusajili akaunti kutoka nchi nyingi za dunia, Kenya ikiwemo. Kijana wa Kamakis aliyelipa pesa halali akajikuta katika hatari ya kufungiwa mlango wa nyumba aliyokwisha kuilipia. Gemu iliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170. Wachezaji duniani waliandika maoni mabaya zaidi ya 200,000 katika siku chache, na siku ya tatu Sony ikafuta agizo lake. Hata hivyo, mauzo katika nchi hizo hayakufunguliwa papo hapo.

Wazazi wanaomiliki PlayStation wataitambua shida hii kwa sura nyingine. Kwa kuwa Kenya haimo katika orodha, mtoto huandika kwamba anaishi Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Uongo huu mdogo umekuwa jambo la kawaida kiasi kwamba wauza vocha mjini huuliza tu, “Akaunti yako ni ya wapi?” Vocha ya Marekani haiingii katika akaunti ya Uingereza, na akayenunua isiyofaa huwa amepoteza pesa zake. Sisi tunaona vibaya kwamba kampuni inapokea pesa za watu wa nchi kisha inawaacha wapite kwa mlango wa nyuma, na mtoto wa miaka 12 anafunzwa kuandika anwani isiyo yake.

Sasa tufike kwenye swali la kichwa chetu. Ukinunua diski, ni mali yako: utaiazima kwa jirani, utaiuza, utampa mdogo wako. Ukinunua kwa mtandao, unachopata ni leseni, yaani ruhusa. Ubisoft ilizima seva za gemu yake ya magari, The Crew, mwisho wa Machi 2024, na waliokuwa wameilipia wakabaki mikono mitupu, wenye diski pia, kwani haikuweza kucheza bila seva. Jimbo la California limepitisha sheria, inayotumika tangu Januari 2025, ya kuwataka wauzaji wamweleze mnunuzi waziwazi kwamba anapewa leseni. GOG, duka lenye asili ya Poland, huuza gemu ambazo mnunuzi hupakua na kuziweka mwenyewe bila kufuli. Ni wachache sana tuliokutana nao waliolisikia.

Kuna jambo moja ambalo kwa familia zetu ni zito kuliko bei. Katika gemu ya mpira iliyokuwa ikiitwa FIFA na sasa EA Sports FC, mchezaji hununua pakiti bila kujua atapata mchezaji gani ndani yake. Anaweza kupata nyota, anaweza kupata asiyefaa, kisha anunue tena. Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba pakiti za namna hii ni kamari kwa sheria yao, na mwanzoni mwa 2019 EA ikaacha kuuza huko pointi za kununulia. Kamari imetajwa kwa jina lake katika Suratul Maida, aya ya 90. Kama pakiti hizi zinaingia humo, hukumu tunawaachia masheikh. Tunachoomba ni mzazi aketi karibu na mwanawe atazame pakiti moja ikifunguliwa, aone taa na vigelegele vyake, ndipo aulize.

Na Desemba 2022 Epic ilikubali kulipa dola milioni 520 katika kesi za tume ya biashara ya Marekani. Milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wateja, baada ya tume kulalamika kwamba vitufe vya Fortnite viliwatoza watu kwa bahati mbaya na kwamba watoto waliweza kununua bila idhini ya mzazi.

Kwa anayetaka kuchunga mfuko, kadi ya mtandaoni ya M-Pesa Global Pay, iliyoanzishwa 2022, inatosha kulipia Steam. Afadhali tu isiachwe imehifadhiwa katika akaunti ya mtoto. Vocha ya kiasi maalumu ni salama zaidi, kwani ikiisha imeisha. Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu kununua, mradi gemu haijachezwa kwa saa mbili. Basi gemu iliyonunuliwa Ijumaa ijaribiwe Ijumaa hiyo hiyo, baada ya swala, na mama awe na saa mkononi.