Pesa ya Tangi na Pesa ya Nyama

Kama uko kwenye kundi la WhatsApp la watu mliosoma pamoja, ile orodha unaijua. Mtu anaandika juu, "Mchango wa tangi", halafu namba moja, jina na kiasi. Kila anayetuma pesa ananakili orodha yote, anaongeza jina lake chini na kuirudisha. Kufikia jioni wawili wameongeza majina kwa dakika ile ile, orodha zimekuwa mbili, na namba 14 ameanguka njiani. Saa nne usiku namba 14 anauliza, "Kwani mimi sikutuma?" Hakuna anayejibu. Wengine wamelala, wengine wameona wakanyamaza.

Watatu kati yetu tunaoandika hapa tulisoma shule moja ya bweni ya wasichana, huko Ukambani, tukamaliza kidato cha nne mwaka 2005. Kazi yetu ya kila siku ni kuwaeleza wateja jinsi ya kutumia pesa za simu bila kuumia. Ungedhani basi kundi letu la wanafunzi wa zamani lilikuwa la mfano. Wapi! Haya tunayosimulia yalitupata sisi wenyewe, na tumeomba ruhusa ya mweka hazina wetu kabla ya kuyaandika.

Tunakutana mara mbili kwa mwaka. Desemba ni ya nyama: tunachagua mahali, mbuzi wawili wanachomwa, watoto wanacheza, na mtu lazima aigize vile madamu wa bweni alikuwa akipiga mlango saa kumi na moja alfajiri. Mwezi wa saba ni wa kazi. Tunakwenda shuleni wakati wa muhula, kwa sababu Desemba shule imefungwa na hutapata mwanafunzi wa kuongea naye. Tunapanda miti karibu na uzio, tunabandika karatasi mpya kwenye vitabu vilivyochanika maktabani, kisha baada ya chakula cha mchana tunakaa na wasichana wa kidato cha nne vikundi vikundi. Hatuwahutubii. Nesi anaeleza kazi ya unesi ilivyo, fundi umeme anaeleza ya umeme, na mwenzetu aliyefeli mara ya kwanza akarudia mtihani anaeleza hilo pia. Yeye ndiye huulizwa maswali mengi kuliko wote.

Halafu kuna mpira wa wavu. Wanafunzi hutushinda kila mwaka na hatuna la kujitetea.

Miaka miwili iliyopita, tukiwa kwenye ziara hiyo, tuliona wasichana wamepanga mitungi kwenye mfereji mmoja, foleni ikizunguka jikoni. Ni foleni ile ile tuliyosimama sisi. Mwalimu mkuu alituambia mvua ikinyesha maji ya paa la bwalo humwagika tu, kwa kuwa tangi la zamani lilipasuka. Kabla hatujatoka getini tulikuwa tumekubaliana: tangi la lita 10,000, msingi wake, mifereji ya paa na mabomba. Fundi alipiga hesabu ikafika Sh120,000. Tulikuwa 60 kwenye kundi. Elfu mbili kila mtu, na mwenye kuweza zaidi aongeze.

Pesa zitumwe wapi? Kwa mweka hazina, kwenye namba yake. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya pesa za nyama miaka yote, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Shida ni kwamba pesa za nyama hukaa kwenye simu siku mbili tatu, zinalipa mbuzi, zinakwisha. Pesa za tangi zilikaa miezi. Na laini ile ile ndiyo mweka hazina wetu alikuwa akinunulia maziwa, akilipia nauli, akipokelea pesa kutoka kwa mumewe. Mwisho wa wiki moja mtoto wake aliugua. Usiku wa Jumamosi, zahanati ya kibinafsi, dawa na vipimo. Hakugusa pesa zetu. Alikuwa amezihamishia kwenye akaunti yake ya benki Ijumaa ili zisichanganyike, jambo ambalo tungelisifu lau tungelijua. Alilipa kwa ule mkopo wa papo hapo wa simu, ule ambao siku hizi watu wanasema "nimefuliza".

Jumatatu ilikuwa siku yetu ya mwisho ya kuchanga. Watu kumi na mmoja walituma jumla ya Sh9,500. Mkopo wa aina hiyo hujilipa wenyewe: pesa yoyote ikiingia kwenye laini yenye deni, deni hukatwa kwanza. Simu haijui hii ni pesa ya tangi na hii ni ya mshahara. Kwa hiyo katika zile Sh9,500, Sh4,300 ziliondoka bila yeye kubonyeza chochote.

Jioni mtu akamwomba apige picha ya skrini ya salio aiweke kwenye kundi. Aliiweka, maskini, bila kufikiria. Hesabu haikulingana.

Wacha tuseme ukweli kuhusu kilichofuata, maana ndicho kilichotuuma zaidi ya pesa. Hakuna aliyempigia simu. Lilifunguliwa kundi la pembeni, la watu wanane, yeye hayumo, na humo yakasemwa maneno ambayo hatutayarudia. Wawili kati yetu tulikuwa kwenye kundi hilo. Mmoja wa wale wanane akakosea, akatuma sauti kwenye kundi kubwa badala ya lile dogo. Aliifuta baada ya dakika moja, lakini dakika moja inatosha. Asubuhi tuliona maandishi yale madogo ya kijivu: ameondoka kwenye kundi.

Mtu uliyelala naye bweni moja miaka minne, aliyekushikia taulo ukiumwa malaria, ameondoka kwa sababu ya Sh4,300. Ijumaa hiyo hiyo mshahara wake ulipoingia, alituma kila shilingi kwa mwenyekiti pamoja na hesabu yote iliyoandikwa kwa mkono. Hakuandika neno lingine. Kazi ya tangi ilisimama wiki tatu kwa sababu hakuna aliyetaka kupokea pesa baada ya hapo. Ungeulizwa, ungekubali wewe?

Aliyemrudisha ni aliyekuwa akikaa naye dawati moja. Alikwenda kwake Jumapili na mkate na maziwa, akakaa hadi jioni, na nusu ya muda hawakuzungumzia tangi. Alimwambia, "Dada, kosa si lako. Sisi ndio tulikupa mzigo bila kamba ya kuufungia." Alirudi kwa sharti moja: pesa za kundi zisiingie tena kwenye laini ya mtu.

Tukakubali, tena kwa aibu, kwa sababu hilo ndilo tunalowaambia wateja kila siku. Mkopo ni sababu moja tu. Laini ya M-Pesa ya mtu binafsi haiwezi kushika zaidi ya Sh500,000, kwa hiyo mchango mkubwa unaweza kufika ukingoni. Na kuna lile ambalo hatupendi kulitaja: mwenye laini akifariki, pesa zilizomo huhesabiwa kuwa mali yake. Familia itafuata taratibu za mirathi, na nyinyi mtabaki mmesimama nje na orodha ya WhatsApp mkononi.

Kwanza tulijisajili. Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya mwaka 2022 inataka kundi liwe na watu wasiopungua kumi, na sisi tulikuwa nao wa kutosha. Tulikwenda kwa ofisi ya maendeleo ya jamii tukiwa na katiba fupi, kumbukumbu za mkutano uliochagua maafisa, na nakala za vitambulisho. Kwa cheti hicho tukafungua akaunti ya benki yenye watia saini watatu, kisha tukaomba namba ya Paybill ya kundi. Kwenye fomu utaulizwa nani atabeba ada: anayetuma, kundi, au mgawane. Jadilianeni mapema. Sisi tuliamua kundi libebe, ili anayetuma Sh200 asikatwe zaidi.

Palipotufurahisha ni kwenye ile sehemu ya namba ya akaunti. Paybill yako mwenyewe hukuruhusu kuamua wanaolipa waandike nini hapo. Mtu akapendekeza tutumie namba zetu za usajili wa shule, zile zilizoandikwa kwenye sanduku, ndoo na kijiko. Ajabu ni kwamba karibu kila mtu aliikumbuka yake, hata asiyekumbuka namba ya simu ya mumewe. Nyuma ya namba tukaongeza herufi: T ya tangi, K ya karo, N ya nyama. Kwa hiyo mwenye namba 1187 akitaka kuchangia tangi anaandika 1187T. Taarifa ya akaunti ikitolewa mwisho wa mwezi, pesa zimejipanga zenyewe. Orodha ya kunakili ilikufa siku hiyo na hakuna aliyeilia.

Kitu kingine kilichokufa nayo ni aibu. Kwenye ile orodha kila mtu aliona nani ametoa elfu kumi na nani ametoa mia mbili. Baadaye tuligundua kwamba wenzetu kadhaa walikuwa kimya si kwa sababu hawajali, bali hawakutaka jina lao likae chini ya jina la mwenye elfu kumi na mia mbili pembeni. Sasa mweka hazina hutuma jumla tu kila mwisho wa mwezi, na taarifa yenyewe kutoka kwa mtoa huduma huenda kwa maafisa watano. Usikubali picha ya skrini kama ushahidi, picha hubadilishwa. Wachangiaji waliongezeka, na wengi wao hutuma kiasi kidogo kila mwezi.

Tangi lilisimama Machi, kabla ya mvua ndefu. Baada ya hapo tukajiuliza kama kidogo cha kila mwezi kinaweza kufanya zaidi. Ada ya bweni iliyopangwa na Wizara ya Elimu kwa shule za kitaifa ni Sh53,554 kwa mwaka. Watu 60 wakitoa Sh300 kila mwezi, kwa mwaka ni Sh216,000. Hiyo ni karo ya wasichana wanne kwa kiwango hicho, na Sh1,784 zinabaki za sabuni. Hatujafika 60 kila mwezi, tusidanganyane; Januari watu wana karo za watoto wao. Lakini wasichana wawili wako darasani kwa pesa hizo. Walimu ndio hutupendekezea majina, sisi hulipa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule na kuchukua risiti. Majina yao hatuyaweki kwenye kundi. Msichana hapaswi kupanda miti nasi mwezi wa saba huku watu 60 wakimtazama kama mradi.

Mambo mawili ya kuangalia, kwa sababu yametugusa. Mwezi wa tano WhatsApp ya mwenzetu ilitekwa. Ikaanza kutuma ujumbe kwa mmoja mmoja: "Niko hospitali, nitumie 5,000, nitarudisha jioni." Jina ni lake, picha ni yake. Aliyeokoa siku alimpigia simu ya kawaida, akamkuta sokoni akinunua nyanya. Mtu akiomba pesa kwa ujumbe, mpigie usikie sauti. Na mtu akikuomba namba za uhakiki zilizokuja kwenye simu yako, hata akiwa rafiki yako wa dawati, usimpe. Ndivyo simu ya mwenzetu ilivyotekwa.

La pili ni haraka. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea. Likiwa si la kundi lako, ghairi. Ukishakosea na ulituma kwa M-Pesa, peleka ule ujumbe wa uthibitisho kwa 456 mara moja, kabla aliyepokea hajazitoa. Ukingoja hadi asubuhi, utakuwa unamwomba mtu usiyemjua huruma.

Mweka hazina ni yule yule. Tulimpigia kura tena Desemba, nyama ikiwa mezani, na wale wanane wa kundi la pembeni ndio waliosimama kwanza kumwomba msamaha mbele ya wote. Alicheka, akasema mbavu zinapoa.

Ila kuna mwenzetu mmoja ambaye hadi leo hajakumbuka namba yake ya usajili. Hutumia ya msichana aliyelala kitanda cha juu yake, na kuongeza herufi C, ya chini. Kila mwezi mweka hazina huihamisha kwa mkono, akinung'unika.