Gesi Yako Inakula Ganji Ngapi kwa Siku? Hesabu ya Lodwar na Kakuma

Stima iko na tokeni, maji iko na bili. Gesi ya kupika Lodwar ama Kakuma haina hizo story. Hakuna bomba, hakuna mita, hakuna meseji ya mwisho wa mwezi. Kuna mtungi tu, na moto ukizima ugali ikiwa nusu ndio unajua bili imefika. Hutaki kushtukiwa? Hesabu ni hii.

Anza na bei ya kilo. Meko ni kilo 6, mtungi mkubwa ni kilo 13. Tuseme duka la mtaa linakujazia meko kwa 1,500. Gawa kwa 6: kila kilo ni 250. Ongeza doh ya boda ya kuibeba, hiyo pia ni bei ya gesi. Na uliza maduka mawili matatu. EPRA hutangaza bei ya petroli, dizeli na mafuta taa kila mwezi, lakini ya gesi kila muuzaji anajipangia. Serikali ilitoa VAT kwa gesi Julai 2023, sawa, lakini mzigo bado unatoka Mombasa, unapanda hadi Lodwar, na Kakuma ni kama kilomita 120 zingine. Hiyo safari unailipia wewe.

Jua moto wako unakula nini. Meko ikiwa moto mkubwa inakula kama gramu 200 kwa saa. Kumaanisha kilo 6 ni kama masaa 30. Ukipika saa moja na nusu kila siku, hiyo ni gramu 300, bob 75. Mtungi unakufikisha siku 20, na bili yako ya mwezi ni 2,250. Githeri ya masaa mawili na nusu kwa moto mkubwa? Bob 125, sufuria moja tu! Loweka maharagwe usiku, funika, na ikianza kutokota punguza moto. Maji ikishachemka haiongezi joto hata ufungue gesi yote.

Pima mtungi. Umepigwa chapa ya uzito wake ukiwa mtupu. Weka kwa mizani, toa huo uzito, kinachobaki ndio gesi. Ukipata kilo 5 badala ya 6, msee, umekulwa 250 hapo hapo dukani.

Usitegemee nguvu ya moto kukuambia. Ndani ya mtungi gesi iko kama maji, na presha inafuata joto, si kiasi kilichobaki. Na hii jua ya Turkana, moto utawaka fiti hadi karibu na mwisho, halafu kwisha. Mtungi ukae kivulini, penye hewa inapita.

Sasa linganisha na makaa. Mkebe wa 50 asubuhi na mwingine jioni ni soo kwa siku, 3,000 kwa mwezi. Kwa hesabu yetu makaa imeshinda gesi na 750. Shida ni kwamba 50 haikosekani mfukoni, lakini 1,500 ya mpigo ni ngumu. Ndio maana mtu anayehustle ndiye hulipa zaidi.

Dawa ni kujilipisha bili mwenyewe: tenga bob 75 kila siku kwa M-Pesa. Siku ya 20 mtungi ukiisha, ile 1,500 iko tayari.