Soya na Mwanamke Katika Kipindi cha Kukoma Hedhi

Mwanamke afikapo umri wa kati ya miaka 45 na 55, vifuko vya mayai vilivyomo mwilini mwake huanza kupunguza kazi. Hedhi hupoteza mpangilio wake, hukawia, na hatimaye hukatika kabisa. Inapotimia miezi 12 mfululizo bila ya hedhi, na isiwepo sababu nyingine kama vile maradhi au dawa, waganga husema kwamba mwanamke huyo amekoma hedhi. Jambo hili si ugonjwa. Ni hatua ya maumbile kama kulivyo kuvunja ungo. Tofauti ni kwamba mwari anayevunja ungo huwa na kungwi wa kumfunda, lakini mama anayekoma hedhi aghalabu hana wa kumweleza. Wengi huipita hatua hiyo kwa kimya na kwa haya.

Katika kimya hicho wauzaji wa dawa za kila aina wamejipatia soko. Miongoni mwa vitu vinavyosifiwa sana ni soya, ambayo husemwa kwamba ina homoni za kike na kwamba inaweza kuzirudisha zile zilizopotea. Makala haya yanakusudia kueleza ni kemikali gani zimo katika soya, zinafanya kazi kwa njia gani, na ni msaada wa kiasi gani ambao mwanamke anaweza kuutarajia kutoka kwazo.

Mabadiliko yanayotokea mwilini

Homoni kuu inayotengenezwa na vifuko vya mayai huitwa estrojeni. Kazi yake haiishii katika uzazi. Estrojeni husaidia mifupa kuhifadhi madini yake, hulainisha ngozi ya ndani ya uke, huathiri kiasi cha lehemu katika damu, na pia hufika katika ubongo.

Chini ya ubongo imo sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, ambayo ndiyo msimamizi wa joto la mwili. Estrojeni inapopungua, baadhi ya neva za sehemu hiyo huchangamka kupita kiasi, na kiwango cha joto ambacho mwili hukivumilia bila ya kufanya lolote huwa chembamba sana. Badiliko dogo la joto, ambalo zamani lisingetambulika, sasa huupa mwili ishara kwamba umezidiwa na joto. Mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hupanuka, uso, shingo na kifua huwaka, jasho humiminika na moyo hupiga mbio. Baada ya dakika chache hali hiyo huisha, na mara nyingi baridi hufuata. Hili ndilo joto la ghafla linalowasumbua akina mama wengi, na linapotokea usiku huwakatizia usingizi na kuwaamsha wakiwa wamechoka.

Mmea na kemikali zake

Soya ni mmea wa jamii ya mikunde, ndugu wa kunde, choroko na karanga. Asili yake ni China. Katika nchi ambayo leo ni Tanzania ulianza kujaribiwa mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa utawala wa Wajerumani, katika kituo cha utafiti cha Amani kwenye milima ya Usambara. Siku hizi hulimwa katika mikoa kama Ruvuma, Njombe, Iringa, Mbeya na Morogoro. Punje zake kavu zina protini kiasi cha asilimia 36 hadi 40 na mafuta karibu asilimia 20.

Mbali na vyakula hivyo, punje za soya zina kemikali za kundi liitwalo isoflavoni. Zilizo muhimu ni tatu: jenisteini, daidzeini na glaisiteini. Kwa kawaida gramu 100 za punje kavu huwa na isoflavoni miligramu 100 hadi 200, kutegemea mbegu, udongo na hali ya hewa. Mmea haukuziumba kemikali hizi kwa faida ya binadamu. Huzitumia kujikinga na maradhi, na pia huzitoa mizizini ili kuwaita bakteria wanaojenga vinundu na kuupatia mmea naitrojeni kutoka hewani. Ni sadfa ya maumbile kwamba umbo la kemikali hizo linafanana kwa kiasi fulani na umbo la estrojeni ya mwanamke.

Kondoo wa Australia

Uwezo wa mimea kuingilia mambo ya uzazi haukugunduliwa kwa binadamu bali kwa kondoo. Katika miaka ya 1940 wafugaji wa Australia Magharibi walishangaa kuona kondoo wao majike hawashiki mimba, ingawa malisho yalikuwa mengi. Mwaka 1946 wanasayansi Bennetts, Underwood na Shier walitoa taarifa iliyoonyesha kwamba chanzo kilikuwa aina ya majani ya klova ambayo kondoo hao walilishwa. Baadaye ilifahamika kwamba majani hayo yana isoflavoni, na kwamba tumboni mwa kondoo hugeuzwa kuwa kemikali iitwayo ekuoli.

Kondoo wale walikula majani hayo siku nzima na kwa miezi mingi, kiasi ambacho binadamu hawezi kukifikia kwa chakula cha kawaida. Hata hivyo, funzo lilikuwa wazi: kilichomo katika mmea kinaweza kuzungumza na mwili kwa lugha ya homoni.

Funguo na makufuli

Homoni hufanya kazi kama ufunguo. Katika chembe hai za mwili kuna vipokezi, ambavyo tunaweza kuvifananisha na makufuli. Estrojeni inapoingia katika kipokezi chake, chembe hai hupata amri ya kufanya kazi fulani. Kwa muda mrefu wanasayansi waliamini kwamba kipokezi cha estrojeni ni cha aina moja tu. Mwaka 1996 watafiti wa Sweden walitangaza kwamba wamegundua cha pili. Cha kwanza, kiitwacho alfa, ni kingi katika mfuko wa uzazi na katika matiti. Cha pili, kiitwacho beta, hupatikana pia katika mifupa, mishipa ya damu na sehemu za ubongo.

Jenisteini huingia katika kipokezi cha beta kwa wepesi zaidi kuliko katika kile cha alfa. Hata hivyo ni ufunguo hafifu, na nguvu zake ni ndogo mno zikilinganishwa na za estrojeni yenyewe. Kwa hiyo usemi kwamba soya ina homoni za kike si sahihi. Soya ina kemikali za mmea zinazogusa makufuli yaleyale, kwa nguvu kidogo na kwa kuchagua. Wala hazirudishi kazi ya vifuko vya mayai.

Watu wawili, bakuli moja

Isoflavoni za soya nyingi zimefungamana na sukari, na bakteria wa utumbo ndio wanaozifungua. Baadhi ya bakteria huendelea zaidi na kuigeuza daidzeini kuwa ekuoli, kemikali ileile ya kondoo wa Australia, ambayo nguvu yake ni kubwa kuliko ya daidzeini. Ekuoli ilitambuliwa katika mkojo wa binadamu mwaka 1982. Si kila mtu ana bakteria hao. Katika nchi za Magharibi mtu 1 katika kila 3 au 4 hutengeneza ekuoli. Katika Japani na China ni karibu nusu ya watu au zaidi. Hivyo wanawake wawili wanaweza kula bakuli moja la soya, mmoja akapata kemikali ambayo mwenziwe hakuipata.

Majaribio yasemavyo

Japani ndiyo iliyowavuta wataalamu wengi. Wanawake wa nchi hiyo, wanaokula soya tangu utotoni, walionekana kulalamikia joto la ghafla kwa uchache kuliko wanawake wa Marekani na Kanada. Mwaka 1992 Herman Adlercreutz wa Finland na wenzake walitoa rai kwamba huenda isoflavoni ndizo sababu. Rai hiyo ilipata nguvu mwaka 2002, wakati uchunguzi mkubwa wa dawa za homoni nchini Marekani uliposimamishwa kwa sababu ya ongezeko la saratani ya matiti na kiharusi. Akina mama wengi waliziacha dawa hizo na kugeukia mimea. Tangu hapo imefahamika kwamba kwa wanawake wenye afya walio chini ya umri wa miaka 60, manufaa ya homoni kwa kawaida huzidi madhara yake. Lakini hofu haikuondoka upesi.

Wajapani hutofautiana na Wamarekani kwa mambo mengi, siyo soya peke yake. Ndiyo maana majaribio yalihitajika, ambamo nusu ya wanawake hupewa vidonge vya isoflavoni na nusu hupewa vidonge bandia, bila ya wao kujua nani amepewa kipi. Tahadhari hii ni ya lazima, kwani joto la ghafla hupungua hata kwa matumaini na kwa kupita kwa muda.

Mwaka 2012 yalikusanywa matokeo ya majaribio 17 ya namna hiyo. Kiasi cha isoflavoni kilichotumika kilikuwa miligramu 54 hivi kwa siku. Idadi ya vipindi vya joto ilipungua kwa asilimia 21 hivi zaidi ya ilivyopungua kwa vidonge bandia, na ukali wake kwa asilimia 26. Maana yake ni kwamba mwanamke anayepatwa na joto mara 10 kwa siku, soya yenyewe, mbali na matumaini yake, humwondolea kiasi cha mara 2. Estrojeni ya dawa huondoa karibu mara 7 au 8. Tena nafuu ya soya haiji upesi, bali huhitaji wiki nyingi.

Wataalamu wote hawakukubaliana na hesabu hiyo. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2013, uliojumuisha majaribio 43, haukupata ushahidi wa kutosha kuhusu mimea ya aina hii kwa jumla, ingawa vidonge vyenye jenisteini ya miligramu 30 na zaidi vilionyesha dalili njema. Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa ukomo wa hedhi cha Amerika Kaskazini kiliamua kutoipendekeza soya kuwa tiba ya joto la ghafla.

Kuhusu mifupa, tumaini halikutimia. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2011 huko Miami, wanawake 248 walifuatiliwa kwa miaka 2. Waliopewa isoflavoni miligramu 200 kila siku walipoteza madini ya mifupa sawasawa na waliopewa vidonge bandia. Kwa upande wa moyo, protini ya soya hupunguza lehemu mbaya kwa asilimia 3 au 4 tu. Faida huongezeka pale soya inapochukua mahali pa nyama yenye mafuta mengi.

Usalama na namna ya kutumia

Soya inayoliwa kama chakula ni salama kwa watu wengi. Mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilichunguza vidonge vya isoflavoni vya miligramu 35 hadi 150 kwa siku, na haikuona dalili ya madhara kwa matiti, mfuko wa uzazi wala tezi ya shingo kwa wanawake waliokoma hedhi. Pamoja na hayo, mwanamke aliyepata kuugua saratani ya matiti asitumie vidonge vikali bila ya kumwuliza mganga wake, ijapokuwa soya ya mezani haikuonekana kumdhuru. Anayetumia dawa ya tezi ya shingo asiimeze pamoja na soya, kwa kuwa soya hupunguza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini. Mwenye mzio wa soya aiepuke kabisa.

Soya isiliwe mbichi. Punje mbichi zina kemikali inayozuia kimeng'enya cha kuyeyusha protini, na moto ndio unaoiharibu. Wenye kutengeneza unga wa lishe wanapaswa kuichemsha au kuikaanga kwanza ndipo waisage. Mpishi aziloweke punje usiku kucha, azisugue ili maganda yatoke, kisha azichemshe mpaka ziive barabara. Nusu kikombe cha soya iliyopikwa, au vikombe viwili vya maziwa ya soya, huleta isoflavoni za kiasi kinachokaribia kile cha majaribio. Mafuta ya soya hayana isoflavoni za kutajika. Kwa hiyo anayeyanunua kwa kutafuta dawa hiyo anapoteza fedha zake.

Mama anayeitumia soya aihesabu kuwa chakula chema chenye protini ya bei nafuu, ambacho huenda kikampunguzia joto kidogo baada ya miezi 3 hivi. Kwa mifupa yake, dagaa, maziwa, mboga za majani na kazi za kutembea na kubeba zitamfaa zaidi. Joto likimzidi hata akakosa usingizi na kushindwa kazi, ziko tiba hospitalini zenye nguvu kuliko soya, na hana sababu ya kuona haya kuziulizia.

Limebaki jambo moja ambalo halina mjadala. Mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi akiona damu tena, hata ikiwa ni matone machache, asidhani kwamba soya au dawa nyingine imemrudishia ujana. Damu hiyo yaweza kuwa dalili ya saratani ya shingo ya kizazi, ambayo katika Tanzania ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake, au ya mfuko wa uzazi. Zinapogunduliwa mapema hutibika. Na aende hospitali wiki hiyohiyo.