Tukimshuku Mtu, Tufanye Nini?



Mwaka wa 2013, baada ya magaidi kuua watu 67 huko Westgate, Nairobi, serikali ilituhimiza tuanzishe Nyumba Kumi. Tangu hapo, Molo hadi Naivasha, twaulizana: mgeni tukimshuku, je?

Tumwambie chifu au polisi yale tuliyoyaona kwa macho, siyo kabila wala dini yake. Tusimpige. Kushukiwa siyo kupatikana na hatia.

Akikamatwa, Katiba ya 2010, kifungu cha 49, yasema aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuongea na wakili, na afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha. Zikiisha korti ikiwa imefungwa, basi ni siku ya korti inayofuata. Polisi wakitaka siku zaidi za uchunguzi, waombe korti.

Wengine husema haki hizi zawasaidia magaidi. Sisi twaona zamsaidia yule aliyeshikwa bure, na polisi wapate kumtafuta mwenye makosa. Leo ni mgeni, kesho ni kijana wako.

Jadilianeni: Kijana wetu akishikwa usiku, ni nani kikundini atakayefuata habari zake asubuhi?