Askari Naye Huelemewa

Askari akijiua, habari hupita kwa jamaa, kituo cha polisi, daktari na msajili wa vifo kabla ya kuwa hesabu ya serikali. Mmoja akiandika "ajali" kwa kuogopa aibu, hesabu hupungua, na tatizo huonekana dogo.

Sheria nayo ilitia hofu. Kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai, kifungo hadi miaka 2. Januari 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu hicho.

Basi mumeo au mwanao askari akijitenga, akikosa usingizi, au akisema amechoka kuishi, usinyamaze. Muulize kwa upole, bunduki iwekwe mbali naye, mpeleke hospitali. Piga 1199, Msalaba Mwekundu, bila malipo.