Jicho la Mgeni na Ukurasa wa Mwanzo wa Tovuti

Mteja akishaingia dukani huona haya kutoka papo hapo bila hata kuuliza bei. Mgeni wa tovuti hana haya ya namna hiyo. Aufunguapo ukurasa wa mwanzo, kidole chake ki tayari kuufunga.

Muda alio nao mwenye biashara wa kumzuia umepata kupimwa. Mwaka 2006 Gitte Lindgaard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, walieleza majaribio ambamo watu walionyeshwa kurasa za mwanzo kwa milisekunde 50, yaani sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Hukumu zao juu ya uzuri wa kurasa hizo zililingana sana na hukumu zilizotolewa kurasa zilipoonyeshwa kwa milisekunde 500. Bila shaka hawakusoma kitu. Walichopokea ni rangi, mpangilio na wingi wa vitu.

Kusoma huja baadaye, nako kuna mipaka iliyowekwa na umbile la jicho. Katika retina mna kishimo kidogo, na hapo tu ndipo picha huwa bayana kabisa. Eneo kionalo kishimo hicho ni kama upana wa kidole gumba, mkono ukiwa umenyooshwa mbele. Mwanafunzi na akazie macho neno moja katikati ya ukurasa huu, kisha ajaribu kusoma maneno ya pembeni pasipo kusogeza macho: hatafika mbali. Kwa hiyo jicho hulazimika kurukaruka, mara 3 au 4 hivi kila sekunde. Katika sekunde 3 za kwanza hutua mahali kama 10 tu.

Sasa tuchukue mfano wa fundi samani wa Keko, Dar es Salaam. Ukurasa wake waanza na salamu ndefu, picha ya mkurugenzi, kisha historia ya karakana. Vitanda, bei na namba ya simu viko chini kabisa. Mituo yote 10 imekwisha, na mgeni hajajua kinachouzwa! Jakob Nielsen, aliyechunguza mwendo wa macho ya wasomaji, alieleza mwaka 2006 kwamba mara nyingi macho hupita juu ya ukurasa, kisha huteremka upande wa kushoto. Huko juu ndiko kunakofaa maneno kama “Vitanda na makabati ya mninga”, picha ya kitanda kimoja, na mahali pa kuagizia.

Tena ukurasa usiofunguka hauonwi na jicho lolote. Picha ya megabaiti 4 ni sawa na megabiti 32. Mtandao unaopitisha megabiti 2 kwa sekunde utaileta kwa sekunde 16. Ikipunguzwa hadi kilobaiti 200 itafika kabla ya sekunde 1 kutimia, na katika kioo cha simu tofauti haitambulikani kwa urahisi. Wengi hulipa fedha nyingi kwa mapambo wakasahau hesabu hii ndogo.

Darasani jaribio ni rahisi. Mwalimu aonyeshe ukurasa wa biashara isiyojulikana kwa wanafunzi, aufunge baada ya sekunde 5, kisha kila mmoja aandike biashara hiyo huuza nini na mnunuzi aanzie wapi. Majibu yalinganishwe kabla ya ukurasa kufunguliwa tena.